Ukishukiwa kuwa na baridi yabisi na riziki yako iko mgongoni mwa farasi

Mimi dalili haikunianzia juu ya farasi. Ilinianzia kwenye mswala, alfajiri ya mwezi wa Juni, kusi inavuma. Nimekaa attahiyatu, vidole vya mguu wa kulia vikagoma kukunjika. Nikasema nimelala vibaya. Wiki ya pili vikagoma na vya kushoto. Wiki ya tatu nimemaliza kutia udhu, siwezi kufunga bomba. Maji yanamwagika na mimi nimelikumbatia kwa viganja viwili. Mama yangu jibu alikuwa nalo: "Baridi hiyo, mwanangu. Unalala dirisha wazi na kusi yote hii, halafu alfajiri uko na ndoo za farasi." Akanichua kwa mafuta ya nyonyo siku saba. Usingizi nilipata, lakini kukicha ngumi haifungi.

Ninaandika kwa saisi, yaani mtunza farasi, au mpanda farasi ambaye daktari ameshamwambia "huenda" na bado hajamwambia "ndiyo". Tuko wachache pwani hii ya Tanga. Mbung'o na visubi hawajawahi kumwacha farasi salama, ndiyo maana hata misafara ya zamani ya kwenda bara ilitegemea mabega ya wapagazi. Wenzetu wengi wako Arusha na Moshi, wengine kwenye fukwe za kaskazini Unguja. Na wewe wa punda wa mkokoteni usipite: hatamu ni hatamu. Mimi ni saisi mwaka wa kumi na mbili sasa, shamba moja njia ya Pangani, farasi wanne, na Jumamosi nafundisha watoto kupanda. Udaktari sina. Nilicho nacho ni miezi mitano ya kusubiri, na mambo ambayo laiti ningeambiwa mwezi wa kwanza.

Daftari la banda

Kila banda lenye adabu lina daftari. Letu ni kauntabuku nene lililojaa alama za vidole vyenye pumba. Farasi akichechemea, hakuna anayekisia. Unamtembeza kwenye ardhi ngumu, mwenzako anamtazama kichwa kinavyopanda na kushuka. Unapitisha mgongo wa mkono mguuni kutafuta joto, unalinganisha na mguu wa pili. Unaandika tarehe. Kisha unampumzisha, unamwita daktari wa mifugo. Hakuna saisi atakayempa farasi dawa ya maumivu halafu amtandike saa hiyohiyo. Mimi miezi miwili nilijifanyia hivyohivyo: diklofenaki ya duka la jirani saa kumi na moja alfajiri, chai ya rangi, tandiko begani.

Basi nikachora safu moja zaidi upande wa kulia wa daftari, juu yake nikaandika MIMI.

Cha kuandika si "naumwa". Andika saa uliyoamka na saa ambayo mkono umefunguka. Kupima, mimi nimetundika kipande cha hatamu kuukuu kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani. Nikiamka nakishika. Ngumi ikifunga pande zote bila kuacha uwazi kati ya kiganja na ngozi ya hatamu, hiyo ndiyo saa ninayoandika. Andika ni kiungo gani, na kama pande zote mbili zinafanana. Andika kama kimevimba na kina moto, au kinauma tu. Andika homa. Andika kila kidonge ulichomeza, hata kile ulichopewa na shoga yako kwenye kikaratasi. Na andika ulimpanda nani, kwa muda gani, maana daktari hawezi kujua kwamba farasi wetu Kusi anavuta hatamu kama mvuvi avutaye jarife, na Tausi anaendeshwa kwa kidole kimoja.

Ukurasa wangu mmoja unasomeka hivi: "Kusi – kinyesi laini, pumba zipunguzwe. Tausi – mzima. Mimi – nimeamka 11:00, ngumi 12:35. Vidole vya kati vyote viwili vimevimba, moto. Viungo vya karibu na kucha havina neno. Homa hakuna. Kidonge hakuna."

Hizo dakika ndizo zilizomfanya daktari asogeze kiti. Aliniambia viungo vilivyochakaa kwa kazi na umri huamka vimekaza kidogo, dakika chache, vikalainika, halafu huuma zaidi kadiri unavyovitumia. Baridi yabisi ya kweli, ile ambayo kinga ya mwili wenyewe inashambulia utando wa ndani wa viungo, hukaza muda mrefu, mara nyingi saa nzima na zaidi, hupenda viungo vidogo vya mikono na miguu, kushoto na kulia kwa pamoja, na hulegea ukianza kuvitembeza. Wiki sita za hali hiyo si jambo la kuchuliwa mafuta tu. Mimi nilikuwa nazo kumi na moja, zote ziko kwenye maandishi, katikati ya habari za kwato.

Mkanda wa tumbo

Sehemu hii siipendi, lakini bila yake maelezo mengine ni porojo.

Ilikuwa Jumamosi ya Agosti, mapema. Namtandika Kusi. Mkanda wake wa tumbo, ule unaoshikilia tandiko, hufungwa tundu la nne. Nikavuta, kidole gumba na cha shahada vikashindwa kuibana ngozi wakati nausukuma ulimi wa bizimu. Nikavuta tena kwa meno. Ndiyo, kwa meno. Ukafika tundu la pili. Na unajua farasi alivyo, ukimfunga hujaza pumzi tumbo likatuna. Ukishatembea naye hatua mia, tundu la pili ni sawa na hukufunga kitu. Nikajisemea nitaukaza nikiwa juu. Sikuukaza. Tulipofika mchangani akaruka kijito kinachoingia baharini, tandiko likazunguka kama kanga iliyolegea kiunoni, nikaenda nalo chini. Farasi mwingine angepiga mateke mpaka ajivunje, tandiko likiwa linaning'inia tumboni. Kusi, pamoja na ukorofi wake wote, alisimama akanisubiri.

Nyonga iliniuma siku tatu. Tajiri yangu nilimwambia mkanda umechakaa. Lakini baada ya saa moja alikuwa anakuja mtoto wa miaka tisa, na mkanda wa farasi wake ningeufunga mimi, kwa vidole hivihivi. Nikakaa nyuma ya banda nikalia, kisha nikamwita kijana wetu wa banda nikamwambia, "Leo mikanda yote funga wewe, mimi nitahesabu matundu." Hakuuliza kwa nini. Vijana wanaona mengi.

Kesho yake asubuhi nikamwendea tajiri. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba. Mkanda umepona?" Nikanyamaza. "Nimeuangalia mkanda ule," akasema. "Mzima kuliko wewe. Haya, keti."

Kwa hiyo somo la hapa: mwambie mwenye farasi kabla farasi hajamwambia. Ila usiende na machozi matupu, nenda na karatasi. Mimi nilichelewa, lakini karatasi nilikuwa nayo, nimeiandika usiku. Ilisema kulisha kwa alfajiri nimwachie kijana, mimi nichukue zamu ya jioni. Kila mkanda ukaguliwe na mtu wa pili kabla mtoto hajapanda. Kusi nisimpande mpaka ijulikane. Mshahara ubaki ulivyo kwa miezi mitatu, halafu tukae tena. Akaongeza kimoja tu, akasema Kusi asipandwe na mtu mwingine pia, maana ni mimi peke yangu ninayemwelewa, basi apumzike kidogo. Tangu hapo Kusi amenenepa.

Kama huna mwajiri, farasi ni wako, mtu wa pili wa kukagua mkanda bado unamhitaji. Mfundishe hata jirani. Ni tundu la ngapi, basi.

Kwa daktari

Usiridhike na jina la kwanza la ugonjwa. Pahali pa kwanza nilipokwenda niliambiwa malaria, wiki mbili baadaye nikaambiwa taifodi, nikachomwa sindano za siku tano. Vidole havikujali. Sisemi watu wale walikuwa wabaya. Mtu akifika anauma viungo na kuchoka, hapa pwani, la kwanza linalomjia kila mmoja ni malaria. Lakini ukitibiwa mara mbili na asubuhi yako haijabadilika, omba rufaa. Kwa sisi wa Tanga rufaa ya mkoa ni hospitali ya Bombo, na mabingwa wa ugonjwa huu nchini ni wachache, wengi wao wako Dar es Salaam. Jiandae kwa safari ya basi ya nusu siku na maumivu ya kukaa. Chukua kiti cha pembeni mwa njia ili unyooshe goti.

Daktari aliyenisikiliza alianza kwa kuondoa magonjwa mengine, na maswali yake yatakusaidia ukiyafikiria tangu nyumbani. Aliuliza kama maumivu yalianza ghafla na homa kali. Alikuwa anatafuta chikungunya, ugonjwa wa mbu wanaouma mchana, ambao unaweza kuacha viungo vinauma miezi mingi. Ulitambuliwa kwanza hapahapa nchini, kusini kwenye nyanda za Wamakonde, katika mlipuko wa 1952, na jina lenyewe ni la Kimakonde, la mtu kujikunja kwa maumivu. Akauliza kama nakunywa maziwa mabichi. Nikacheka kwa aibu, maana nayachukua kwa jirani mwenye ng'ombe na sikuwa nachemsha kila siku. Hapo alikuwa anatafuta brusela, homa ya mifugo ambayo nayo hukamata viungo, na watu wa mabanda tuko karibu nayo. Akaangalia kidole gumba cha mguu, asije akaacha jongo. Akauliza vipele usoni, vidonda mdomoni, nywele kukatika. Akaagiza na vipimo vya homa ya ini.

Kisha damu. Kuna vipimo vinavyoonyesha mwili una uvimbe wa ndani, ESR na CRP, kuna RF, kinachotafuta alama ya ugonjwa huu kwenye damu, kuna kingine cha aina hiyo kinaitwa anti-CCP, ambacho changu kilibidi sampuli isafirishwe. RF yangu ilirudi chanya, kidogo. Nilitoka pale nimeshajizika. Nimepita barabara za Ngamiani naona watu wanaendesha baiskeli nikawaonea wivu, wanavyobana breki bila kufikiri. Siku ya pili nikapiga simu, dokta akasema: "Dada, RF inaweza kuwa chanya kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, na mwenye ugonjwa inaweza kuwa hasi. Na maambukizi mengine huipandisha. Hiyo peke yake haihukumu." Picha ya eksirei ya mikono ilikuwa safi, naye akanionya nisiifurahie sana, kwa kuwa mwanzoni mifupa huwa bado haijaguswa. Kwa hiyo kipimo kimoja kisikuzike, kimoja kisikufufue.

Jambo ambalo wengi tunalikosea ni kusema "nafanya kazi shambani". Daktari ataandika shamba, atafikiria jembe. Sema farasi. Wangu alidhani kupanda farasi ni kukaa tu kama kwenye picha za harusi, mpaka nilipomwonyesha video kwenye simu: mnyama wa kilo mia nne na zaidi, tandiko la kilo nane linanyanyuliwa mpaka usawa wa bega, hatamu zinavutwa, kwato zinakwanguliwa nimeinama. Akaitazama mara mbili. "Na huwa unaanguka?" "Naanguka, dokta. Kila anayepanda huanguka." Hapo mazungumzo yakawa mengine kabisa. Akafungua na daftari langu, akasoma kimya, kisha: "Huyu Kusi anayeharisha ni nani?"

Vidonge na kuanguka

Dawa za maumivu kwanza. Diklofenaki na ibuprofeni zinasaidia, sikatai, lakini zikimezwa kila siku bila chakula zinachubua tumbo, na kwa muda mrefu figo na shinikizo la damu navyo huguswa. Kwa mpanda farasi zina hila nyingine: saa mbili za kwanza unajisikia mzima, unapanda kama mzima, na kiungo hakikwambii kitu mpaka kesho. Sheria yangu sasa ni kwamba siku niliyomeza kidonge ili niweze kufunga mkanda, siku hiyo sipandi. Nikimeza kwa ajili ya usingizi baada ya kazi, hilo ni jambo lingine. Mwezi wa Ramadhani ongea na daktari mapema, maana kumeza vidonge hivi tumbo tupu ni kujitafutia vidonda.

Prednisoloni ni habari ndefu zaidi. Utashauriwa na kila mtu. "Nunua vile vyeupe vidogo, utaamka unacheza mdumange." Ni kweli utaamka unacheza. Lakini ukiinywa kiholela kabla ya kuchunguzwa, uvimbe unazama, vipimo vinapoa, na daktari anabaki kutafuta moshi wakati umeshamwaga maji kwenye moto. Ukiitumia muda mrefu hupunguza uimara wa mifupa, na sisi ndio watu wa kuanguka kutoka kimo cha mtu. Na mwili ukishaizoea, haikatwi ghafla, inapunguzwa kwa maelekezo. Kama umeshaanza, usione haya, mwambie daktari ni ngapi na tangu lini.

Nilielezwa pia dawa ambazo huenda nitaanzishwa, na nakushauri uulize mapema ukiwa bado na akili tulivu. Methotrekseti humezwa mara moja kwa wiki. Kwa wiki, si kwa siku. Kuikosea ikawa ya kila siku ni hatari ya kifo. Huambatana na foliki asidi, zile zile wanazopewa wajawazito, ila mjamzito mwenyewe haruhusiwi methotrekseti, na anayetaka mtoto aseme kabla. Damu na ini vinapimwa mara kwa mara, na pombe iachwe. Nyingine ni haidroksiklorokwini, ndugu yake ile klorokwini iliyokuwa ikituwasha mwili mzima utotoni, kabla haijaondolewa kwenye tiba ya malaria mwaka 2001. Hii inataka macho yapimwe. Nilipomwambia Mama jina lake alijikuna papo hapo.

Na kuna pepopunda. Jina lenyewe linakwambia. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kwenye samadi ya farasi na punda, na mtu ambaye kinga yake inakwenda kupunguzwa kwa dawa hana sababu ya kuingia bandani na chanjo iliyopitwa na wakati. Mimi nimechanjwa upya tayari. Vidonda vidogo vya mikononi, ambavyo zamani nilikuwa napaka mate, sasa naosha kwa sabuni na kufunga.

La mwisho kuhusu mwili: shingo. Ugonjwa huu, ukikaa bila tiba, unaweza kulegeza viungo vya juu ya shingo. Ukisikia shingo inauma mpaka kisogoni, au mikono inachomachoma kama sindano, usipande mpaka uonwe. Helmeti, ile wenzetu wa bodaboda wanayoiita elementi, hailindi hapo.

Saa, visubi na bamvua

Sasa kazi yenyewe. Hapa ndipo nilipotumia akili zaidi, na ndipo ninapojivunia kidogo.

Zamani nilitoka na farasi saa kumi na mbili asubuhi, jua halijachoma. Vidole vyangu sasa kabla ya saa mbili siviamini, na siku mbaya hata hiyo saa mbili. Kuanzia saa nne jua ni kali kwa farasi na kwa mtu. Jioni nako kuna visubi, ambao hueneza ugonjwa unaoua farasi haraka; wanauma kuanzia magharibi hadi alfajiri, hivyo saa kumi na mbili jioni farasi wote wawe ndani, nyavu zimeshushwa. Na katikati ya yote hayo kuna bahari, ambayo haingoji mtu.

Nikakaa na jedwali la maji la bandarini na kalamu nyekundu. Kwetu, siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume: alasiri ndiyo yanapwa, ingawa hayaendi mbali. Kila siku inasogea kama dakika hamsini. Basi siku za bamvua natoka saa tatu asubuhi, maji yanaondoka, mchanga mgumu na mpana, narudi kabla jua halijawa la kuadhibu. Siku za maji mafu natoka saa kumi baada ya kuswali alasiri, narudi saa kumi na moja na nusu. Siku za katikati hakuna ufukwe kwangu. Tunazunguka chini ya minazi kwa mwendo wa pole au simpandi mtu, nafua matandiko. Miadi ya hospitali naipangia siku hizo za katikati kila ninapoweza kuchagua.

Mwendo wa pole hauumizi sana. Mwendo wa matiti, ule wa kudundadunda, ndio unaotwanga vifundo na viganja. Shoti, yaani mbio, ni laini zaidi ila ukivutwa hatamu huna la kufanya. Nimebaki na pole na shoti fupi kwa Tausi. Kusimamisha, nimemfundisha kwa sauti na kwa kukaa kizito, kwa wiki tatu, kila siku robo saa, nikimpa kipande cha karoti. Anza kumfundisha wako leo, vidole vikiwa bado vinaweza kumsahihisha.

Vifaa havikunigharimu. Hatamu nyembamba ni adui, kwa kuwa kadiri kitu kilivyo chembamba ndivyo unavyolazimika kukibana. Nilikwenda kwa fundi baiskeli, na Tanga fundi baiskeli hawakosekani, nikaomba tyubu kuukuu. Nikazikata vipande virefu, nikazisokota kwenye hatamu mpaka zikanenepa kama mpini wa mwiko. Hazitelezi hata kwa jasho. Kupanda, sivuti tena tandiko. Seremala amenigongea ngazi ya vipandio vitatu, pana, isiyotikisika. Kushuka ni kugumu kuliko kupanda, kwa sababu vifundo vya miguu hupokea uzito wote kwa mpigo, kwa hiyo nashukia kwenye ngazi ileile au kwenye mchanga laini, mkono mmoja umeshika singa. Miguu natoa kwenye vikuku vya tandiko vyote viwili kwanza. Suruali ya kupandia nimehamia ya lastiki chini ya dera, maana vifungo asubuhi ni mtihani mwingine. Chuma cha kuchokolea kwato nimekivalisha gunzi la hindi kama mpini. Kijana wa banda anacheka, lakini jana nimemkuta anakitumia yeye.

Kuhusu watu sina mengi. Watakuja wa kusema umetupiwa kitu, kwa sababu mwanamke na farasi ni jambo lao la siku nyingi. Wa kombe nilimruhusu Mama alete, nikanywa kwa heshima yake. Wa chale nilikataa, kwa kuwa wembe wa watu wengi ni maradhi mengine. Wa kukwambia "pole" kila asubuhi, mpe kazi: mimi Mama ndiye anayesoma saa kwenye simu ngumi inapofunga, anaipigia kelele chumba kizima, "Kumi na mbili na dakika kumi! Leo umenishinda kwa robo saa."

Siku ya majibu nenda na mtu atakayesikia wakati wewe masikio yameziba. Beba daftari, beba orodha ya dawa, beba maswali matatu, usibebe kumi. Langu la kwanza ni kama naanza dawa wiki hii au bado. La pili ni lini mkono wangu urudishiwe Kusi, au usirudishiwe. La tatu ni la mtoto, kwa sababu nina umri wa miaka thelathini na sita na sijaamua.

Majibu yangu ni Alhamisi. Mwezi unaandama Jumatano, kwa hiyo Ijumaa ni bamvua na maji yatapwa saa nne na kitu. Daftarini nimeshaandika: Tausi, tundu la tano, afunge kijana, ahesabu Mzee.